Nimemfundisha mtoto kusema maji yameisha

FundiCherehani_Dom

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mnisome hadi mwisho ndipo mnishukie.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Dodoma, kazi yangu ni cherehani. Nashona sare za kwaya, sare za shule na magauni ya kipaimara. Mume wangu ni dereva wa malori, mwezi mzima anaweza asilale nyumbani zaidi ya siku nne. Mwaka juzi nilipopokea mchezo nilinunua tanki la lita 2,000, nikamwita fundi akanijengea mnara wa tofali wa futi tisa. Wenzangu wakipokea mchezo wananunua vitenge na vyombo. Mimi jioni ile nilitoa kigoda nje nikakaa kuliangalia tanki kama mtu anayeangalia maharusi.

Mtaani kwetu maji ni ya mgao. Yanatoka Jumanne usiku, kuanzia saa nane hivi mpaka alfajiri, halafu kimya hadi Jumanne nyingine. Nyuma ya kwangu, ng'ambo ya kinjia, kuna nyumba ya wapangaji. Mwenye nyumba hajavuta maji. Wananunua kwa wenye mikokoteni, dumu shilingi 500, na kiangazi kikikaza linafika 700.

Mwanzoni niligawa, Mungu ni shahidi. Baadaye watoto wao wakawa wanaacha koki inachuruzika. Siku moja nikatoka na kumkuta kijana wa bodaboda anaoshea pikipiki maji yangu, anapiga na mluzi. Nikanunua koki ya kufuli. Kufuli halikutosha kwa sababu watu waligonga geti, na mimi nikiangaliwa usoni siwezi kukataa. Basi nikawa natuma mtoto. Mwanangu wa mwisho yuko darasa la kwanza. Nilimfundisha maneno yote: "Maji yameisha, mama amesema njoo Jumanne." Akawa anayasema vizuri kama shairi.

Sasa sikieni. Jumamosi iliyopita jumuiya ilikuwa kwangu. Somo lilikuwa Wafilipi sura ya pili, "Kila mtu asiangalie mambo yake mwenyewe, bali kila mtu aangalie mambo ya wengine." Nilisoma mimi. Nasoma vizuri, huwa wananipa mimi. Tulipomaliza, mzee mmoja wa jumuiya yetu akamwita mwanangu, "Mjukuu, hebu niletee maji ya kunywa." Mtoto akasimama wima, mikono ubavuni, akasema, "Maji yameisha, mama amesema njoo Jumanne."

Watu walicheka hadi mmoja akashika mbavu. Walidhani ni utundu wa mtoto. Mmoja tu hakucheka, mama wa wale mapacha wa miezi mitano, mpangaji wa nyumba ile ya nyuma. Yeye aliambiwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile, Jumatano. Jumatano, wapendwa! Maji yalikuwa yametoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Akainama akawa anapanga khanga yake magotini. Na sala ya kufunga nikaambiwa nitoe mimi.

Jumapili nikamtumia madumu mawili kwa mkokoteni wa mtoto wa jirani. Yalirudi yamejaa, na salamu: "Mwambie mama asante, tunayo." Hana. Najua hana. Mimi nilidanganya kwamba sina, naye akadanganya kwamba anayo, na uongo wake ukanichoma kuliko wangu.

Nilizaliwa kijiji kimoja wilaya ya Bahi. Wa huko wananielewa. Kiangazi tulichimba maji kwenye mchanga wa korongo. Unachimba mpaka mkono unazama hadi begani, unasubiri maji yajikusanye, unachota kata moja, unasubiri tena. Mama alituamsha saa tisa usiku tuwahi foleni, na kuna siku tulirudi na nusu ndoo, tope lake humohumo. Hadi leo nikisikia dumu tupu likigonga geti, tumbo linakaza kabla sijajua aliyekuja ni nani. Sisemi hivi kujitetea. Nimejichunguza nikaona watu siwachukii, ninachokuwa nacho ni hofu. Ila anayenyimwa haoni hofu yangu, anaona kufuli.

Na kinachonichanganya zaidi, kwingine si mchoyo. Msiba ukitokea natoa elfu kumi bila kuumia, jina linaandikwa kwenye daftari na linasomwa. Ahadi ya ujenzi wa kanisa nimemaliza. Dumu la maji ndilo lisiloandikwa popote.

Kwa hiyo naulizia yule mama, nirudi kwake vipi. Na naulizia huu moyo. Mtu anautoaje ubinafsi ulioingia akiwa na miaka saba?

NeemaTele

Dada mpendwa, hiyo ni roho ya uchoyo, tena ya ukoo, inatokea kijijini kwenu. Ingia mfungo wa siku tatu kavu, kata mnyororo huo kwa jina la Yesu. Utaona mabadiliko.

FundiCherehani_Dom

Asante mpendwa, nimepokea. Lakini niseme kweli, mwezi wa tisa nilifunga. Siku ya tatu ya mfungo yule mama wa mapacha aligonga, nikamwambia yameisha huku njaa inaniuma.

Mchambuzi_wa_Mambo

Mimi naenda kinyume na wote. Dada, acha kujipiga. Umelinunua tanki kwa jasho lako, bili unalipa wewe, na kijana anaoshea pikipiki! Hapo mbinafsi ni nani? Someni Mathayo 25. Wale wanawali watano wenye busara waliombwa mafuta wakakataa: "hayatatutosha sisi na ninyi, afadhali shikeni njia mwende kwa wauzao." Na Bwana arusi hakuwafungia mlango wao.

Halafu kuna mtu hapa hajatajwa. Mwenye ile nyumba anakula kodi ya wapangaji kila mwezi na hajavuta bomba. Huyo yuko salama, anakula raha zake, na wewe mwenye lita 2,000 unakesha ukilia. Wakristo tuna tabia ya kumbebesha mzigo mwenye dhamiri, kwa sababu asiye nayo hasikii. Wagalatia 6:5, kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe.

Mwalimu_wa_Jumapili

Mbukwenyi ndugu zangu. Mimi nafundisha watoto kanisani, hapahapa Dodoma, na namjibu kaka Mchambuzi kwanza.

La mwenye nyumba umesema kweli tupu, sina la kuongeza. Ila Wagalatia 6 umeruka mstari wa 2, "mchukuliane mizigo," na uko pale pale juu yake. Na wale wanawali waangalie vizuri. Walisema hayatatutosha. Hawakusema yameisha. Walikataa wakiwa wameshika taa zao mbele ya wenzao, usoni, na wakawaelekeza pa kununua. Dada yetu shida yake haikuanzia kwenye kukataa. Ilianza alipomtuma mtoto.

Dada, nikisoma habari yako nimemkumbuka Nabali, 1 Samweli 25. Ana kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, ni siku ya kukata manyoya, chakula kimejaa. Vijana wa Daudi wanakuja kuomba. Jibu lake lina neno "yangu" kama wimbo: mkate wangu, maji yangu, nyama yangu. Maji yamo, sijaongeza mimi. Nikiwafundisha watoto huwa nawaambia wahesabu kila "yangu", na hawasahau.

Lakini ninayetaka umwangalie ni mkewe, Abigaili. Andiko linasema alifanya haraka. Akatoa mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano, bisi, vishada 100 vya zabibu, mikate 200 ya tini. Sisi wa Dodoma tunajua zabibu. Vishada mia, hata vya kukauka, ukisimama kuvihesabu kimoja kimoja mbele ya shina hutavitoa, utaanza kusema hiki kizuri, hiki cha watoto. Naamini haraka ile haikuwa woga wa panga la Daudi peke yake. Mkono ulitangulia kabla moyo haujapata nafasi ya kupiga hesabu. (Na hakumwambia mumewe. Hilo tuliache, lina mada yake.)

Kwa hiyo mimi singekuambia subiri upone ndipo utoe. Toa kwanza, kwa kiasi ulichokipanga ukiwa umekaa, umetulia, bila mtu getini. Hofu yako inaamka dumu likigonga. Usiiachie iamue saa hiyo.

Na kuna Methali 3:28. "Usimwambie jirani yako, Nenda, urudi, na kesho nitakupa, nawe unacho kitu kile karibu nawe." Nilipofika kwenye "njoo Jumanne" ya mwanao niliweka simu chini nikazunguka chumba.

FundiCherehani_Dom

Mwalimu, nimeufungua mstari huo usiku huu. Biblia hii ninayo tangu kipaimara. Nimeupigia mstari kwa chaki ya kushonea kwa sababu kalamu ilikuwa mbali, na chaki imefutika nilipofunga kitabu. Nitautafuta tena kesho.

FundiBomba_Mwanza

Maandiko nawaachia wenyewe. Mimi ni fundi wa mabomba, naomba namba.

Mko wangapi ndani? Mnatumia madumu mangapi kwa siku? Na Jumanne jioni, kabla maji hayajatoka, tanki linabaki na kiasi gani? Usikisie. Gonga ubavuni kwa ufunguo au kijiko, kuanzia juu kushuka. Panapolia wazi hamna kitu, panapolia zito ndipo usawa wa maji. Chora mstari.

Halafu tanki lina boya, ile koki ya kuelea inayofunga maji tanki likijaa?

FundiCherehani_Dom

Fundi, tuko watano pamoja na dada wa kazi. Tumehesabu jana na leo, madumu manane kwa siku, na leo tumefua. Boya sijui, sidhani.

Kugonga nitagonga Jumanne. Nakiri sijawahi kugonga hata siku moja.

FundiBomba_Mwanza

Nane kwa siku ni lita 160. Siku saba ni 1,120. Tanki lako ni lita 2,000, maana yake madumu 100. Unatumia 56. Yanabaki 44.

Dada, kila Jumanne unapokea maji mapya juu ya madumu 44 ambayo hayana mwenyewe. Nimewafungia matanki watu wengi, na hii naiona sana kwa waliokulia kwenye shida ya maji. Wanalinda tanki zima. Hawajui wiki yao inaishia wapi, kwa hiyo kila dumu linaloondoka kwao ni dumu la mwisho.

Na kama huna boya, ujue jingine. Tanki linajaa mapema, labda ndani ya saa moja, halafu linamwaga hadi mgao ukatike. Weka boya. Kijana wa pikipiki mnyime tu, huyo hata mimi ningemnyima.

Mpangaji_Kimara

Nimesoma nikasita kuandika. Mimi niko upande wa pili wa geti, Dar es Salaam. Mimi ndiye mwenye dumu.

Naomba niwaeleze kuomba maji kukoje, kwa sababu mnaongea kana kwamba mwombaji anaamka tu na kubeba ndoo. Kwanza unakaa unahesabu mara ya mwisho ulienda lini kwa nani. Jana nilienda kwa mama fulani, basi leo siwezi. Yule mwingine mumewe yuko nyumbani, ngoja atoke. Unachagua dumu lisilo kubwa sana. Unafika getini unaanza na habari za watoto, habari za kazi, na mwenye maji anajua umefuata nini, na wewe unajua kwamba anajua. Ukitoka hapo umechoka kuliko aliyetembea kilomita mbili.

Kunyimwa si kitu kipya. Ukiniambia "leo mama Fulani sitakupa, nina nguo nyingi," naondoka na heshima yangu, kesho nakusalimia. Ila ukinituma mtoto, umeniambia sistahili hata kudanganywa na mtu mzima. Na watoto wale tunawapenda. Huyo wa darasa la kwanza pengine yule mama anampa karanga akipita.

Alivyorudisha madumu, mimi ningefanya vilevile. Siyo kiburi. Akiyapokea, na yale maneno ya Jumamosi amekubali yapite hivihivi. Angewafulia nepi mapacha wake kwa maji ya aibu.

Usimtumie kitu kingine. Nenda mwenyewe.

FundiCherehani_Dom

Ni karanga kweli. Umejuaje? Anampa karanga.

Mzee_Kibosho

Shikamoo ni yenu kunipa, mimi nawasalimu tu wanangu. Nina miaka 74, mjukuu ndiye ananiandikia, mkikuta makosa ni yake.

Huku kwetu mlimani tulilelewa na mfongo, yaani mfereji wa maji unaotoka juu mtoni na kupita kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Maji ya mfongo yana zamu. Leo asubuhi ya kwangu, mchana ya jirani, usiku ya yule wa chini. Hakuna anayetoa na hakuna anayeomba, mna zamu. Na mfereji ukiziba au ukibomoka, inapigwa mbiu, wote mnatoka na majembe. Asiyetoka anatozwa, na akikaidi zamu yake inapita. Nimewaona watu wasiosalimiana wakichimba bega kwa bega. Sisemi tulikuwa watakatifu. Wizi wa maji usiku ulikuwepo, na mapanga yalishawahi kutoka. Lakini hakuna mtoto wa mtu aliyefundishwa kusema mfongo umekauka, kwa sababu maji yalipita mbele ya macho ya wote.

Binti, tanki ni kitu kilichofungwa. Halionekani ndani. Ndiyo maana linakutesa. Mpe yule mama zamu, siyo msaada. Siku yake na saa yake, aje kama mwenye haki, na yeye awe na sehemu ya kazi, hata kukusafishia tanki mara moja kwa mwaka au kukuangalizia watoto ukienda kununua vitambaa. Mtu akiwa na jembe mkononi haoni aibu ya maji.

La pili, kurudi kwake. Mmesoma maandiko mengi, na mimi nataja moja. Yohana 4. Bwana amekaa kisimani Sikari, saa sita ya mchana, amechoka, na anaongea na mwanamke Msamaria asiyemtazamia mema Myahudi. Alikuwa na maji ya uzima ya kumpa. Angeweza kuanza na kutoa. Alianzaje? "Nipe maji ninywe." Aliomba! Akamwachia yule mama awe mwenye nacho, mwenye ndoo, hata akapata nafasi ya kumjibu kwa ukali kidogo.

Nenda kwa huyo mama ukaombe kitu. Kitu ambacho huna kweli, usiigize. Yeye amekurudishia madumu mawili akabaki juu. Shuka.

Mchambuzi_wa_Mambo

Mzee, shikamoo. Hapo umenikata. Bado nasema mwenye nyumba atafutwe, lakini hilo la kuomba sijawahi kulisikia likihubiriwa.

Mzee_Kibosho

Marahaba. Mwenye nyumba mtafuteni wote, tena pamoja na huyo dada. Barua ikiandikwa na wapangaji peke yao ataitupa.

FundiCherehani_Dom

Wapendwa, nimerudi. Ni siku kumi na moja.

Jumanne ile nilipanda ngazi na kijiko, nikagonga. Mstari ulikuwa chini kidogo ya nusu. Fundi, ulipatia. Nilishuka nikakaa kwenye ngazi ya mwisho. Miaka miwili nimelala na hofu ya tanki ambalo halijawahi kushuka chini ya pale.

Alhamisi nikaenda. Kitu nisichokuwa nacho kweli ni ungo, wangu panya walitafuna ukingo, na nilikuwa na mchele wa wageni wenye chuya. Nikapiga hodi, nikasema, "Mama mapacha, naomba uniazime ungo." Aliniangalia muda. Akaingia ndani, akatoka nao, akanipa kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani, mazuri, yana hata aya. Yote yalipotea. Nikasema tu, "Jumatano ile maji yalikuwepo. Nilimtuma mtoto akudanganye. Ni mimi, mtoto hana kosa."

Akasema, "Najua."

Nikamuuliza alijuaje. Akasema mapacha wanamwamsha saa tisa usiku kunyonya, kila usiku. Na kila Jumanne akiwa amekaa anawanyonyesha anasikia tanki langu linamwaga. Limejaa, linamwagikia kwenye kinjia, mpaka alfajiri. Anasema sauti yake kama mvua. Mwanzoni alidhani ni mvua kweli, akatoka na sufuria.

Sijui niseme nini hapo. Mimi nikiwa nimelala, na kufuli limefungwa, maji yananitoka kwa juu yanaingia mchangani, na mwenzangu ameshika watoto wawili anayasikiliza. Saa tisa ileile aliyokuwa anatuamsha mama.

Hatukulia wala hatukukumbatiana, msije mkafikiri. Aliniambia ungo niurudishe kabla ya Jumamosi kwa sababu ana mtama. Nikapepeta mchele, nikaurudisha Ijumaa. Nikamwambia la zamu kama alivyosema Mzee, madumu manne kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili jioni, koki wazi, anachota mwenyewe. Akauliza, na wapangaji wengine watatu? Nikasita. Tumbo likakaza, sitawadanganya. Nikapiga hesabu pale pale kwa vidole: manne yake ni 28 kwa wiki, yanabaki 16. Nikasema wale watatu wawili wawili, Jumatano na Jumamosi. Hiyo ni 12. Yanabaki manne, hayo ni ya hofu yangu, nimeyaacha kwanza.

Kasema sawa, ila na yeye atanikatia nyuzi na kupiga pasi sare siku mbili kwa wiki. Anapiga pasi vizuri kuliko mimi.

Mtoto nilimkalisha nikamwambia yale maneno tuyaache, nilikosea kumfundisha. Akauliza, "Kwa hiyo nikiulizwa niseme nini?" Nikamwambia, sema ngoja nimwite mama. Juzi nikamsikia getini, kijana wa bodaboda ameomba maji ya pikipiki. Akamjibu, "Ngoja nimwite mama, lakini atakataa." Nilitoka, na kweli nikakataa, mwenyewe, usoni. Miguu ilitetemeka.

Kuhusu mwenye nyumba, barua imeandikwa, tumesaini watano. Bado hajajibu.

Sasa Fundi, nina swali la kazi. Boya nimenunua lakini sijafunga. Nimewaza, kabla ya boya tuweke tii, kile kiungo cha njia tatu, mpira utoke hapo uvuke kinjia mpaka kwenye pipa la mama mapacha, ili ule mmwagiko wa Jumanne uende kwake badala ya mchangani. Yeye saa hiyo yuko macho, anaweza kufunga pipa likijaa. Umbali ni kama mita 20. Ila kinjia kinapitwa na pikipiki usiku na mchana. Huo mpira nichimbie kina gani usipasuke? Na nusu inchi inatosha, au nitafute robo tatu?